Mwaka Tulipochonga Kitabu cha Kabula

Safari iliyonifikisha Shinyanga ilichukua siku tisa, na wala sikukusudia kushuka pale. Nilitoka Njombe juu ya lori la mbao, nikalala Iringa, nikapata lori jingine la kwenda Dodoma ambalo lilichemka kila mlima hata tukazoea kushuka bila kuambiwa, kisha nikapanda treni, daraja la tatu, mpaka Tabora. Hapo tulikaa stesheni siku mbili tukisubiri behewa la kwenda Mwanza. Nilikuwa na miaka ishirini, cheti cha sekondari nilichokikunja ndani ya soksi, na neno moja kichwani: Geita. Kila kijana niliyekutana naye njiani alikuwa na mjomba au shemeji Geita, na kila mjomba alikuwa ameiona dhahabu kwa macho yake. Nilikuwa nakwenda kutafuta ukarani mgodini, na kama ukarani hakuna, basi sururu. Lakini baada ya Tabora homa ilinishika, na treni iliposimama Shinyanga abiria wenzangu walinishusha kama gunia, wakaniegemeza ukutani, wakaniachia chupa ya maji, na treni ikaenda zake.

Aliyeniokota ni Bwana Kasamali, mwenye duka, Mhindi mnene mwenye huruma za haraka haraka, aliyekuja stesheni kupokea magunia yake ya chumvi. Mwezi uliopita nilikutana na mwanawe huku Tanga. Nywele zake zimeanza kuwa nyeupe, na mimi hakunitambua mpaka nilipomtajia ghala la baba yake. Ndiye aliyeniambia kwamba Mama Eva, aliyewahi kupanga katika ghala lile, amefariki, ng'ambo, katika mji wa baridi ambao jina lake hata yeye hakuweza kulitamka. Akasema pia kwamba kila mwaka mama yule aliwaandikia barua moja kuuliza kama kaburi la binti yake linapaliliwa, na kila mwaka baba yake alijibu kwamba ndiyo, yule kijana analipalilia. Kijana mwenyewe ni mimi. Nimeishi katika miji kumi na moja tangu wakati huo, nimefanya kazi za kila namna, na hakuna mji hata mmoja ambao sikuuacha kabla haujanizoea. Lakini tangu siku ile ya Tanga ninarudi mahali pamoja tu, ndani ya ghala lile, kwenye mwaka ule mmoja niliokaa pale.

Ghala ambamo Bwana Kasamali alinilaza lilikuwa nyuma ya duka, na zamani liliwekwa pamba. Harufu ya mbegu za pamba haikutoka hata tulipopaka chokaa. Ndani kulikuwa na kitanda kimoja cha kamba, meza ndefu ya mbao za masanduku, mashine ya chuma ya kuchapia kwa mkono ambayo Bwana Kasamali aliinunua misheni ilipopata mpya, na kamba tatu zilizovuka chumba, ambazo juu yake karatasi zilianikwa kama nguo. Wapangaji walikuwa Wapolandi wawili, mume na mke, waliobaki nyuma kambi za wakimbizi wa vita vya Ulaya zilipofungwa na wenzao kupelekwa ng'ambo. Kwao, kabla ya vita, walikuwa watu wa kutengeneza vitabu vya picha vya watoto. Yeye Bwana Yozefu akichora, mkewe akitia rangi. Kambini waliendelea, wakishona vitabu kwa karatasi za mifuko ya unga ili watoto wa wakimbizi wapate cha kuangalia. Mama Eva alivihifadhi vichache ndani ya sanduku la bati. Aliponionyesha alisema, "Wengine walibeba saa na pete. Sisi tulibeba hivi, na hakuna mwizi aliyevitaka."

Asubuhi ya kwanza nilipoweza kukaa, Bwana Yozefu alinipa kikombe cha chai kwa mkono wa kushoto. Kwetu, na kwa Wasukuma vilevile, mkono wa kushoto haumpi mtu kitu. Mtoto akinyosha kushoto anapigwa kofi la vidole mpaka ajue. Nilikitazama kikombe kile bila kukipokea, na nadhani uso wangu ulisema yote, kwa maana alikiweka mezani, akautoa mkono wa kulia uliokuwa ndani ya koti na kuninyoshea niuone. Vidole vitatu havikuwapo. Viwili vilivyobaki vilikuwa vimekunjamana kama mizizi ya tangawizi. "Baridi," alisema. Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, maneno mafupi mafupi. "Kule kwa miti. Kukata miti, theluji. Si vita. Baridi tu." Nilikipokea kikombe kwa mikono miwili, na kwa aibu niliyoipata niliapa moyoni kwamba katika nyumba ile sitataja tena mkono wa kushoto maisha yangu yote. Nilikuwa mtu wa kutimiza kiapo cha kipumbavu kuliko kazi ya maana, na sijabadilika sana.

Nilipopona walinihitaji. Walikuwa wanatengeneza kitabu cha Kiswahili cha watoto wa shule za vijijini, na maneno yao hayakuwa na ladha. Nikaambiwa niandike hadithi mimi. Kwa hiyo nikawa mwandishi wa kitabu chao, na pia mpanga herufi, kwa kuwa herufi za madini ya risasi zilipangwa kinyumenyume na macho yangu yalizoea upesi. Hadithi niliyoandika ilikuwa ya msichana aitwaye Kabula, mwaka wa njaa, ambaye kila mtu anampa kidogo na yeye anawapa wengine: mama anampa uji, yeye anampa babu maji, babu anampa karanga, yeye anampa mgeni karanga. Kurasa kumi na mbili, na kila ukurasa mtu anampa mtu kitu. Bwana Yozefu aliipenda sana. Alimchora Kabula Msukuma kabisa, shanga kiunoni na yote, lakini alimsimamisha mguu mmoja juu ya mwingine, na mara ya kwanza Mama Eva alipoona mchoro ule aliuacha mkate motoni ukaungua. Ndivyo Eva alivyokuwa akisimama.

Eva alikuwa binti yao, aliyekufa kwa malaria mvua za mwaka uliotangulia, akiwa na miaka tisa. Wanawake wa pale bombani ndio waliomwita mama yake Mama Eva, kama wanavyoitana wenyewe, na hawakuacha hata mtoto alipokufa. Niliwasikia asubuhi nyingi nilipofuatana naye kwenda bombani.

"Mwangaluka, Mama Eva! Leo tena umekuja mwenyewe na ndoo? Mzungu gani wewe hata boi huna?"

"Boi ninaye," alijibu, akinionyesha kwa kidevu. "Lakini amesoma sana. Hawezi ndoo."

Walicheka mpaka ndoo zikamwagika, nami nikacheka kwa shida. Jumapili alikwenda makaburini na jembe dogo, nje kidogo ya mji kando ya barabara, na wakati mwingine nilimsindikiza. Kaburi lilikuwa safi kuliko chumba chetu. Siku moja, akiwa amepiga magoti anang'oa ndago, aliniambia bila kuinua uso kwamba alikuwa na watoto wengine wawili kabla ya huyu. Mmoja alifia ndani ya treni kule kwenye theluji. Walimpitisha mlangoni treni ikiwa inakwenda, kwa kuwa haikusimama. Wa pili alizikwa mchangani, kwenye nchi ya joto waliyopita wakija, na asubuhi upepo ulikuwa umesawazisha kila kitu. "Huyu ninajua yuko wapi," alisema. "Mimi siondoki hapa, Lameki. Wakitaka waniondoe na ardhi."

Na kweli walitaka kuwaondoa. Hati yao ya kukaa ilikuwa inakwisha, na wakubwa wa serikali hawakutaka wakimbizi wasio na kazi inayojulikana. Waliambiwa wazi: kama idara ya elimu itakikubali kitabu na kuagiza vingine, watahesabiwa kuwa watu wenye kazi na watabaki. Kama hakitakubaliwa, watapanda meli iliyokuwa inakusanya wa mwisho. Kwa hiyo pale ghalani hatukuwa tunatengeneza kitabu tu. Kila mstari niliouandika ulikuwa unampigania mama yule abaki na kaburi la mwanawe, na sote watatu tulijua, na hatukulizungumza wakati wa kula.

Tulikula vizuri kuliko unavyoweza kudhani. Michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyochemshwa na karanga, ugali na samaki wakavu kutoka Mwanza, na kabichi ambayo Mama Eva aliichachusha ndani ya mtungi mpaka majirani wakauliza ni nani aliyefia ndani. Bwana Yozefu alikula kwa mkono wake mmoja, akinimegea na kunipa, nami nikipokea. Baada ya miezi michache sikuona tena ni mkono gani. Hilo ndilo ninalojaribu kulieleza. Macho yanazoea. Nilikuwa nimeacha kuona.

Picha zilichongwa kwenye linoleamu, lile zulia gumu la sakafuni, ambalo Bwana Kasamali alilipata kwenye nyumba iliyobomolewa kule Songwa. Lilitosha vipande kumi na viwili na kimoja cha akiba, ambacho kilipasuka siku ya kwanza. Bwana Yozefu alichora moja kwa moja juu ya kipande, na Mama Eva alichonga, kwa sababu kuchonga kunataka mikono miwili. Mkono wa kuigiza ulikuwa wangu. "Nyosha," Bwana Yozefu aliniambia. "Kama unampa babu. Si babu wa jirani. Babu yako." Nilishika kata ya maji na kumnyoshea mkono wa kulia saa nzima, bega likiniwaka, wala hakuna aliyekunywa. Kwenye kazi yake ya zamani alikuwa mtu wa kalamu na karatasi. Jambo la kuchonga alijifunza pale pale. Alijua kwamba herufi hugeuka zikichapwa, ndiyo maana nilizipanga kinyume. Lakini kwamba mtu naye hugeuka, hilo kwake halikuwa jambo. Mbuzi akitazama kulia au kushoto, mbuzi ni mbuzi. Kwao mkono ni mkono.

Siku tulipochapa karatasi ya kwanza, Mama Eva alipaka wino kwa rola, mimi nikavuta mkono wa mashine, Bwana Yozefu akaibandua karatasi kwa vidole viwili na kuiinua kwenye mwanga wa mlango. Alikuwa Kabula, amesimama mguu juu ya mguu, mzuri kweli. Alikuwa anampa babu yake maji kwa mkono wa kushoto. Babu alikuwa anapokea kwa kushoto. Nilitazama vipande vilivyobaki mezani, vyote kumi na kimoja vimeshachongwa, na nikajua bila kuvichapa kwamba katika kurasa zote hakuna mtu atakayempa mwenzake kitu kwa adabu. Nilitazama mkono wangu. Kisha nikauingiza mfukoni.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikusema. Zamani nilijiambia ni heshima: ningesemaje habari za mkono wa kushoto mbele ya mtu asiye na mwingine? Hiyo ni kweli, lakini haitoshi. Linoleamu ilikuwa imekwisha, na afisa alikuwa anakuja baada ya siku nne. Kusema kungekuwa kuvunja kazi ya miezi saba siku ile wanaifurahia. Tena mguu wangu ulikuwa unaniwasha kwa hamu ya safari. Kitabu kikikubaliwa ningekuwa huru kwenda Geita na sifa zangu, na nilitaka kikubaliwe hivyo hivyo, upesi. Nikajiambia ni picha tu, watu wataelewa. Mpaka leo nikiona kitabu cha watoto dukani, jambo la kwanza ninaloangalia ni mikono.

Kikao kilikuwa katika chumba kimoja cha boma. Afisa wa elimu, Mwingereza kijana mwenye uso uliobabuka kwa jua, alikaa katikati. Upande mmoja Mwalimu Maganga, mkaguzi wa shule za vijijini, mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa uzi. Upande mwingine mwanangwa mmoja mzee, msimamizi wa vijiji vya karibu, aliyeitwa kwa sababu watoto wa kusoma kitabu ni wa kwake. Afisa alikifungua kitabu, akatabasamu. "Kizuri sana," alisema kwa Kiswahili. Akampa mwalimu. Mwalimu Maganga alifungua ukurasa wa kwanza, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akafungua wa pili. Akampa mwanangwa.

Mwanangwa hakujua kusoma, kwa hiyo alizisoma picha. Alikwenda nazo polepole mpaka mwisho, akarudi mwanzo. "Nyumba hii," aliuliza, "wote ni wa mashoto? Mama, mtoto, babu, hata mgeni?"

Bwana Yozefu hakuelewa. Alitabasamu.

"Mjukuu wangu akinipa maji hivi nitamwagia mbwa," mwanangwa alisema. Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu anayesikitika. "Mkono anaotawadhia anamnyoshea babu yake, na babu anacheka. Yaya, hapana. Mwalimu, mwambie Bwana. Hiki ni kitabu cha kufundisha matusi."

"Picha ni nzuri," Mwalimu Maganga alimwambia afisa. "Sijapata kuona nzuri hivi. Lakini siwezi kukipeleka darasani, bwana. Wazazi watawatoa watoto shuleni."

Afisa alikichukua kitabu, akaitazama mikono, na nadhani ndipo naye alipoiona kwa mara ya kwanza. Akanitazama mimi. "Wewe ndiye uliyeandika maneno. Wewe ni Mwafrika. Hukuona?"

Wote waligeuka. Bwana Yozefu aliuliza taratibu, "Nini, Lameki? Nini mbaya?" Nikamweleza kwa maneno matatu, mkono, kushoto, tusi. Niliona linavyoingia. Aliutazama mkono wake wa kushoto, kisha akaniuliza swali lile lile la afisa, lakini yeye aliuliza kama mtu anayeomba. "Wewe uliona?"

"Hapana," nilisema. "Sikuona."

"Basi kama yeye hakuona," Bwana Yozefu alimwambia afisa, "sisi tungeonaje?" Alinitetea. Alisimama mbele yangu, kwa kweli, kama mtu anayemkinga mwingine na upepo. Aliomba miezi mitatu achonge upya. Mwanangwa alisema ndiyo, wape, watu wamehangaika. Mwalimu Maganga alisema ndiyo. Afisa alifunga jalada, akasema kwa sauti ya upole kwamba miezi si yake ya kutoa, meli imeshapangwa, na angekuwa na mwaka mwingine angefurahi sana. Kama ningesema nilipoiona picha ya kwanza, tungeomba siku zile nne zilizokuwapo, tungeng'oa linoleamu hata kwenye sakafu ya kanisa, tungeleta kurasa tatu zilizo sawa na ahadi ya nyingine. Labda zisingetosha. Mimi ndiye niliyeondoa hiyo labda.

Waliondoka baada ya wiki mbili. Wanawake wa bombani walikuja stesheni na michembe ndani ya kikapu, na mmoja alilia kwa sauti kama msibani, kwa maana wao ndio waliomsaidia Mama Eva kumzika mwanawe. Bwana Yozefu alipanda kwanza, na sanduku la bati. Mama Eva alinivuta kando, nyuma ya mizani ya mizigo. Alikuwa hajalia tangu siku ya boma, na alikuwa amekonda.

"Siku ya karatasi ya kwanza," alisema, "uliangalia picha, halafu ukaangalia mkono wako. Nilikuona. Nilidhani umefurahi. Nilidhani unasema moyoni, huu ni mkono wangu, uko ndani ya kitabu." Alitazama kwenye behewa. "Sijamwambia Yozefu, na sitamwambia. Anakupenda." Kisha akanipa lile jembe dogo, limefungwa kwa kitambaa. "Wewe unaweza kukaa hapa. Hakuna anayekufukuza. Utampalilia?"

Nikasema nitampalilia. Akanishika bega, akapanda, na treni ikaondoka kuelekea Tabora. Hakuchungulia dirishani.

Nilikaa kwa Bwana Kasamali nikiandika majina ya wauza pamba. Nilipalilia mara tatu kiangazi kile, na kila mara ilikuwa kazi ndogo, kwa kuwa ardhi ilikuwa kavu na hakuna kilichoota. Mvua zilipoanza nilijiambia nitakwenda Jumapili, na Jumapili nikajiambia tope. Ijumaa moja lori la kwenda Geita kwa njia ya Bugarama lilisimama mbele ya duka kuchukua chumvi, na utingo, kijana wa rika langu, akanipigia kelele kutoka juu ya magunia, "Karani! Geita hiyo, nafasi moja! Unakuja, au unabaki kuwalinda Wahindi?" Sikuwa na mzigo mkubwa. Nilimwachia jembe mlinzi wa duka, nikamweleza kaburi liko wapi, naye akaitikia kama mtu anavyomwitikia mlevi. Bwana Kasamali alikuwa msikitini. Nilipanda.

Barabara ilipita makaburini. Dereva alipunguza mwendo kwa ajili ya tope, tukawa tunakwenda polepole kiasi kwamba ningeweza kuruka na kutua salama. Nilisimama juu ya magunia, nikautafuta msalaba wa Eva. Mvua ilikuwa imenyesha wiki mbili. Majani yalikuwa yamefika kiunoni kila upande, ya kijani kibichi, yameinama yote kwa upepo mmoja, na sikuweza kujua alikuwa upande gani. Utingo aliniambia nikae chini nisije nikaanguka. Nikakaa.